Hatua Sitini na Nne za Sista Kiguu

Ndugu, jamaa na majirani, wazazi wenzetu mliokuja na watoto wenu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma ilhali viti vipo mbele, familia imemtuma mdogo wake marehemu, wa tatu kuzaliwa, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, awasomee maisha ya dada yake, naye atasoma polepole kama alivyozoea, ili hata mtoto wa mwisho afuate, na anaomba radhi mapema, kwa sababu dada yake hakuwahi kumvumilia mtu anayesoma polepole. Jina lake la cheti mnaliona chini ya picha iliyowekwa hapo mbele, lakini humu ndani tutamwita kama ninyi nyote mlivyomwita.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba fundi uashi na mama mfua nguo, na hakuzaliwa kitandani kama watu wengine, alizaliwa kwenye benchi la nje ya zahanati, kwa kuwa mkunga alikuwa ameufuata ufunguo wa chumba na mtoto hakuona sababu ya kumsubiri. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakutambaa, siku moja alisimama tu akaondoka, na tangu siku hiyo nyumba haikujua kutulia, ukimtuma chumvi analeta chumvi pamoja na habari za nyumba tatu, ukimwambia akae analikalia jiwe kama limetoka motoni, mpaka baba akamwita Kiguu na Njia, na jina hilo, likiwa limekatwa mkia, ndilo lililomfuata shuleni, kazini na hadi hapa tulipokusanyika.

Alianza darasa la kwanza Januari 1973 katika shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha matofali, akahitimu darasa la saba mwaka 1979, na katika mwaka huo huo, tarehe 16 Julai, akiwa na miaka kumi na mitatu, alishikwa na maumivu ya tumbo kwenye foleni ya maji, akapelekwa hospitali kupasuliwa kidole tumbo. Wodi ya watoto ilimkataa kwa kuwa miguu yake ilizidi kitanda, akalazwa wodi ya akina mama, kati ya bibi mmoja aliyekoroma mchana kutwa na mwingine aliyekuwa akihesabu kwa sauti wanawe waliokufa, akakaa humo siku kumi na moja, na katika siku hizo zote daktari alisimama miguuni pake kila asubuhi akamuuliza mama kama mtoto amelala vizuri, kama amepata choo, kama bado anaumwa, naye mtoto mwenyewe yupo pale pale, macho kodo, anazungumziwa kama gunia lililoletwa mizani. Habari hii alitusimulia mara nyingi hata wadogo zake tukawa tunaimaliza kwa niaba yake, na hatukujua wakati ule kwamba alikuwa akitueleza kazi atakayoifanya.

Alisoma sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, ambako ripoti yake ya mwisho iliandikwa kwamba ana akili nzuri lakini hatulii kitini, kisha akaingia chuo cha uuguzi Januari 1984 na kuhitimu Juni 1987. Tarehe 1 Septemba 1987 alianza kazi katika zahanati ya mtaa wa viwandani, na hapo alikutana na muuguzi mkuu wa zamu, mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili, aliyemfundisha kitu ambacho hakikuwa kitabuni, kwamba anayetoka zamu hatoki kwa sababu saa imefika, anatoka pale anayeingia atakapomtazama usoni na kusema, "Nimepokea." Kusema nimesikia hakukutosha, maana kusikia ni kwa masikio, wala kusema sawa hakukutosha, maana sawa husemwa hata na mtu anayesinzia, ilikuwa lazima liwe neno hilo moja, na asiyelisema aliachwa na mwenzake amesimama mlangoni na mkoba begani mpaka alitamke.

Katika zahanati hiyo, mwezi Aprili 1992, friji ya chanjo iliharibika, akaitwa fundi, naye fundi akaja mara ya kwanza akaifungua, akaja mara ya pili akaisikiliza, akaja mara ya tatu, ya nne na ya tano, na ni baada ya miaka mingi ya ndoa ndipo alipokiri mbele ya mashemeji kwamba friji ile ilipona siku ya kwanza. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1993, na mume wake, ambaye yuko nasi hapa, ndiye fundi friji pekee tunayemjua aliyewafundisha watu kuishi bila friji, kwa kuwa mke wake alipomweleza kwamba watoto wenye kisukari wanahitaji insulini ikae baridi na nyumba nyingi hazina umeme, alianza kutengeneza vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, na akawa anampa kila mzazi jozi moja pamoja na maelezo marefu kuliko yale ya daktari.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1995 na mvulana aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1999, na familia imeona isiwafiche waombolezaji kwamba watoto hawa walimpata mama yao kwa foleni. Hilo si fumbo. Mwezi Agosti 2009, binti akiwa na miaka kumi na minne, alikwenda kliniki kwa mama yake amevaa sare ya shule, akachukua namba kama wagonjwa wengine, namba thelathini na moja, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima bila kumwambia mtu yeye ni nani, na alipoitwa aliingia akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, na mama yake alipomuuliza amefuata nini, alimjibu, "Nimekuja kama mgonjwa, mama, maana nyumbani hupatikani." Marehemu aliinua mlango, kwa kuwa mlango ule haufungi mpaka uinuliwe kidogo, akaufunga, akakaa na binti yake dakika kumi kamili, na walichozungumza humo hajakisema marehemu wala binti, na sisi wengine hatukustahili kukijua.

Kuhusu dakika kumi hizo, wengi wenu mnazifahamu kwa sababu mmewahi kufukuzwa chumbani. Marehemu alihamishiwa kliniki ya watoto ya hospitali yetu siku ya Jumatatu, tarehe 5 Februari 1996, kliniki ya magonjwa yasiyopona upesi, kisukari, pumu, kifafa na mengineyo, katika kile chumba ambacho rangi ya ukuta imekwanguka hadi kimo cha bega la mtoto, na miaka miwili baadaye akaweka desturi kwamba mtoto akishatimiza miaka kumi, mzazi anatoka nje kwa dakika kumi na mtoto anaulizwa habari zake mwenyewe. Wazazi hawakupenda. Baba mmoja, dereva wa lori, alisema kwamba mwanawe hana siri naye, alipotolewa akabandika sikio mlangoni, marehemu akaufungua ghafla na kumwambia kwa upole, "Baba, mlango huu hauumwi, usiupime." Benchi zima lilicheka, dereva naye akacheka, akaenda kukaa, na wiki hiyo hiyo ikajulikana kwamba binti yake alikuwa akijificha chooni shuleni kujidunga sindano, kwa kuwa wenzake walimwambia ni mlevi wa dawa, na siku ambazo choo kilikuwa na watu hakujidunga kabisa. Habari hiyo baba asingeipata kwa kuuliza, wala kwa fimbo, na baadaye alikuwa wa kwanza kuwaambia wazazi wageni kwamba hapa kuna kutoka nje, tokeni tu, hamtakufa.

Ndugu waombolezaji, sasa tumefika mahali ambapo msomaji aliambiwa aparuke. Katika kikao cha familia baba yetu mdogo alishauri, na kwa nia njema, kwamba kosa la marehemu huzikwa pamoja naye, halisomwi mbele ya watu, na wengi tulikubaliana naye, lakini siku ya Alhamisi alikuja msibani mama mmoja, mshonaji, ambaye kosa hilo lilimhusu kuliko mtu mwingine yeyote duniani, akaomba lisomwe, na akaomba lisomwe lote.

Mama huyo alikuwa na mtoto wa kiume aliyeanza kutibiwa kisukari hapo kliniki mwaka 2001 akiwa na miaka saba, mtoto mchangamfu, mwenye maneno, aliyekuwa akitangaza mechi ambazo hazijachezwa na kutoa taarifa ya habari ya benchi zima, nani amekuja na nani amenuna, hata marehemu akamwita Redio, na siku za Jumatatu alimsikia kabla hajamwona. Utaratibu wa hospitali ulikuwa kwamba mtoto akitimiza miaka kumi na mitano anahamia kliniki ya watu wazima, iliyo upande wa pili wa ua, mbele ya bomba la maji na kamba za kuanikia mashuka, na Redio alitimiza umri huo mwaka 2009. Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Mei 2009, kliniki ilifurika, marehemu akagonga muhuri wa AMEHAMISHWA kwenye kadi ya Redio na kwenye kitabu, akamkabidhi kadi yake mkononi, akamwonyesha kupitia dirishani lile jengo la kijani, mlango wa pili, akamwambia sasa yeye ni mtu mzima. Redio alisema ndiyo, sista, akatoka. Alisema hayo tu. Mtoto ambaye hakuwahi kufunga mdomo kwa miaka minane alifunga mdomo siku ile, na marehemu alikuja kutuambia kwamba aliusikia ukimya huo, akaona umempunguzia kelele, akaita namba inayofuata.

Yaliyotokea upande wa pili yalisimuliwa baadaye na mzee mmoja mgonjwa aliyeketi naye. Redio aliingia kwenye ukumbi uliojaa watu wa umri wa babu zake, wawili wao wamekatwa mguu kwa ugonjwa ule ule alionao yeye, akakaa kwenye ncha ya benchi, karani akamuuliza mkubwa wake yuko wapi, akasema yuko nje, akatoka kama anayekwenda kumwita, hakurudi. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba amepokewa vizuri. Insulini iliyobaki kwenye chungu aliigawa ili idumu, nusu ya kipimo, kisha robo, na siku ya Alhamisi, tarehe 25 Juni 2009, alifikishwa chumba cha dharura akiwa hajitambui, akafariki jioni hiyo, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kumsikia akitangaza chochote.

Marehemu hakujua. Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Julai, mama mshonaji aliingia kliniki akiwa amebeba vile vyungu viwili, amevirudisha ili vimfae mtoto mwingine, na marehemu akiwa ameinamia mizani alimuuliza kwa furaha, "Redio yuko wapi, mbona kumetulia?" Mama aliviweka vyungu mezani, akasema, "Tulimzika tarehe ishirini na saba, sista."

Alipoondoka mama, marehemu alifungua kitabu cha watoto, akakuta AMEHAMISHWA, tarehe 4 Mei, maandishi yake mwenyewe, safi. Akavuka ua, akaomba kitabu cha watu wazima, akapekua Mei, Juni na Julai, jina halimo, nao hawakuwa na kosa, kwa kuwa hawawezi kumtafuta mtu ambaye hajawahi kufika. Vitabu vyote viwili vilikuwa sahihi, na mtoto alikuwa amefia katikati yake. Kwa walimu wenzangu nitalieleza hivi, ni kama darasa la kwanza limeandika kwamba mtoto amepanda, darasa la pili halijamwandika kwamba amekuja, na mtoto mwenyewe yuko uani peke yake, hatafutwi na mtu, kwa sababu kila mwalimu akiita majina, kila jina linaitikiwa.

Jumapili iliyofuata marehemu alikwenda kwa mama mshonaji, hakupeleka pole, alisimama mlangoni akasema, "Niligonga muhuri kabla hajafika, na sikumuuliza mtu kama amepokewa." Mama alishona mshono aliokuwa ameuanza mpaka mwisho wake, akakata uzi, akamwomba ampeleke akaione hiyo njia. Wakaenda wote wawili, Jumapili, ua mtupu, mashuka yameanikwa, wakatembea kutoka kizingiti cha kliniki ya watoto hadi kizingiti cha jengo la kijani, mama akihesabu kwa sauti, na zilikuwa hatua sitini na nne. Walipofika, mama akasema, "Basi usigonge tena kabla hawajafika."

Tangu hapo, kwa miaka kumi na sita na miezi mitatu, marehemu hakugonga. Kila kijana alivushwa Jumatatu tatu, ya kwanza kwenda kuangalia tu, kuuona ukumbi, kuonyeshwa choo kilipo na kuambiwa kwamba wale wazee wenye mguu mmoja walichelewa kutibiwa na yeye hajachelewa, ya pili kukaa na muuguzi wa upande ule, mlango umefungwa, bila mzazi, ya tatu kutibiwa kweli, na ni pale tu muuguzi wa watu wazima aliposema nimepokea ndipo muhuri ulipotoka mfukoni. Aliwavusha wenye pumu waliokuwa wamechoka kubeba dawa ya kuvuta mbele ya wenzao, wenye kifafa walioambiwa na ndugu kwamba wana mapepo, binti aliyekuwa mjamzito na hakuna aliyemuuliza, na mvulana aliyekuwa ameacha kula kwa sababu alikuwa ameacha kutaka kuishi, ambaye alivuka ua ule akiwa ameshikwa mkono kama mtoto wa chekechea, ana miaka kumi na sita, ana ndevu, na hakuona haya. Jumla walikuwa vijana mia mbili na kumi na wanane, na hakuna hata mmoja aliyepotelea njiani.

Mwezi Machi 2014 ofisi ya takwimu ilimwandikia barua kwamba anaacha kituo chake cha kazi bila kibali, na kwamba kitabu cha watoto sasa kina watu wenye ndevu, jambo linaloharibu taarifa ya robo mwaka. Aliitwa kwa mganga mkuu, akaenda bila kukaa kwenye kiti alichopewa, akamwambia kwamba kitabu kikipendeza na mtoto hayupo, basi tutakuwa tumempamba nani. Mganga mkuu alitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu, hakuruhusu wala hakukataza, naye marehemu akachukua hilo kuwa ruhusa, akaenda nalo miaka kumi na moja.

Hapa msomaji anataka kusema neno moja zaidi kwa upole, maana alimpenda. Dada yetu alikosea mara ya pili. Kazi hii yote aliibeba kichwani na miguuni mwake. Wauguzi wenzake walipotaka kumsaidia kuvusha, aliwaambia leo nitapeleka mwenyewe, wewe shika mizani, na kesho yake vivyo hivyo, kwa sababu aliogopa kumwachia mtu mwingine zile hatua, kama mtu aliyeangusha yai moja akawa haruhusu tena mkono mwingine kugusa kapu. Yeye aliyemdai kila mtu neno la kupokea, hakumpa mtu yeyote kitu cha kupokea.

Miguu yake ilianza kuvimba mwishoni mwa mwaka 2023, akasema ni viatu, akabadili viatu. Mwezi Juni 2024 daktari alimpima akamwambia kwamba moyo umepanuka na unasukuma kwa shida, akampa dawa na kumtaka apumzike, dawa akazinywa, na kuhusu mapumziko alisema atayapata Machi 2026 atakapostaafu. Mume wake alimwekea kiti kliniki, kiti kizuri chenye mto, nacho kikatumiwa na wagonjwa. Siku ya Jumatatu, tarehe 22 Septemba 2025, alianguka kwenye ule ua, karibu na bomba la maji, akiwa na kijana mmoja katika Jumatatu yake ya pili, na kijana huyo, badala ya kukimbia, alimketisha, akaita watu, na walipomchukua marehemu alikuwa akiuliza kama kijana ameshaingia ndani.

Alilazwa siku ishirini na tatu. Alipoona kwamba kitanda hakimwachii, alianza kuhangaika kwa namna ambayo hatukuielewa, akipapasa chini ya mto, akimwuliza kila aliyeingia leo ni siku gani, na ikiwa Jumatatu hali inakuwa mbaya zaidi, mapigo ya moyo yanapanda, wauguzi wanatazamana. Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Oktoba, alimtuma mume wake akamwite muuguzi wa kliniki ya watu wazima, yule aliyewapokea vijana wake kwa miaka yote, naye alifika jioni, marehemu akaanza kumweleza juu ya vijana saba ambao hawajavuka, huyu anaogopa karani, huyu usimuulize mbele ya shangazi yake, huyu ukimwona anacheka ujue hajala, akafika kwa wa nne, pumzi ikakatika, daktari akaomba aachwe apumzike, na muuguzi akamwambia watamalizia kesho.

Kesho yake, siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, Sista Kiguu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi saba na siku tano, ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na wadogo zake wanne. Katika mkoba wake wa kazi tulikuta muhuri uliofungwa kwenye kitambaa, na kadi saba zisizogongwa.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia, na si kwa kilio tu. Kadi zile zilikaa juu ya meza, kila anayepita anazitazama, baba mdogo akasema ni mali ya hospitali zirudishwe, shemeji akasema zikirudishwa zitawekwa kwenye droo, binti wa marehemu akazipanga, akazipangua, akagundua kwamba vijana watatu kati ya saba Jumatatu yao ya tatu ni keshokutwa, tarehe 20 Oktoba, na wanne waliobaki wamebakiza mbili. Ndipo Alhamisi alipoingia mama mshonaji, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akatoa pole, akaketi, akaziona kadi, akauliza, "Jumatatu nani anavusha?" Tukamweleza kwamba sote tulikuwa tukijiuliza hilo hilo. Alizichukua akazihesabu, akazirudisha mezani zikiwa zimenyooka, akasema, "Nitavusha mimi. Njia ile naijua."

Jana asubuhi msomaji huyu na mama mshonaji walikwenda kwa mganga mkuu, ambaye ni yule yule, na safari hii hakutazama dirishani, aliandika barua ya mistari minne, tunayo hapa. Muuguzi wa watu wazima atafungua mlango saa mbili. Wauguzi vijana wawili wa kliniki ya watoto watatembea na mama mshonaji ili wajifunze, na Jumatatu zinazofuata watavusha wao, kwa zamu, na msomaji, kwa kuwa hana darasa tena, atakaa nje kwenye benchi na wazazi, awazuie wasibandike masikio mlangoni. Kwa vijana watatu wanaohusika, mnajijua na hatutawataja, tunasema hivi, msibaki nyumbani kwa sababu sista hayupo, fikeni pale pale, mtamtambua mama huyo kwa futi iliyo shingoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, ambao walimtunza mgonjwa aliyekuwa akiwafundisha kazi yao huku amelala, na hawakumkasirikia. Tunawashukuru majirani kwa viti, kwa maji na kwa kukaa nasi, wafanyakazi wenzake wa kliniki zote mbili, uongozi wa hospitali kwa usafiri, wazee wa ukumbi wa jengo la kijani ambao walikuwa wakisogea kwenye benchi ili kijana apate nafasi, na ninyi mia mbili na kumi na wanane, mliopo na msiopo, ambao kwa kuendelea kwenda kliniki mmemtunza kuliko sisi. Tunamshukuru mama mshonaji, na kwake hatuna maneno, tumeyatafuta tangu Alhamisi.

Dada, msomaji amekwenda polepole, amekuchelewesha, na wewe kuchelewa hukukupenda. Tunajua kwamba uliondoka umesimama mlangoni na mkoba begani, unasubiri mtu akutazame usoni na kulisema lile neno. Basi weka mkoba chini, kaa, kiti kipo, na leo hakuna mgonjwa wa kukikalia.

Pumzika kwa amani, Kiguu. Tumepokea.